Wageni wa juu

Usingizi umenikimbia kwa ajili ya maneno matatu. Harusi imepita salama, alhamdulillahi, mdogo wetu kaoa, Mama kalia kama tulivyotarajia, na ile barua ya uhamisho wa Dodoma imetoka Jumatano nikiwa napakwa hina. Hayo nitayaandika nikitulia. Leo ni bibi wa chini.

Mnajua kwa nini hatukufikia kwa wakwe. Kwao Kikwajuni, hapa Unguja, kulijaa hadi ukumbini, na Baba Watoto, baada ya yale ya Tanga, aliapa halali tena chumba kimoja na wajomba zangu. Tukakodi fleti Kiponda, ndani kabisa ya Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho gari haliingii na vespa inapita ikipiga honi kila kona.

Nyumba ni nzuri, sitasema uongo. Ukuta wa mawe ya matumbawe ni mnene kiasi kwamba Kitinda Mimba anakaa dirishani mzima mzima, miguu juu, anakula embe. Dari ni ya boriti. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu boriti ni za mkoko, na mkoko hauvuki chumba kipana. Kilichoniudhi ni ukuta wa kitandani. Kuna fundi kapiga plasta ya saruji juu ya chokaa ya zamani, sasa unyevu hauna pa kutokea, chumvi inasukuma rangi, na kila asubuhi napangusa vigamba kwenye mto. Kwa kodi ile!

Mwenye nyumba hatujamtia machoni. Tulilipa kwa simu, na ufunguo tuliukuta kwenye kikasha cha namba kilichogongwa misumari pembeni mwa mlango wa njumu, mlango ambao watalii wanasimama kuupiga picha na kikasha wanakikwepa. Ujumbe ukaja: "Mkiondoka rudisheni ufunguo kwenye kikasha. Asanteni kwa kukaa nasi." Nasi nani?

Basi siku ya pili nashuka na kikapu kwenda Darajani. Barazani amekaa Bi Mkubwa, anashona kofia ya viua. Kitambaa cheupe amekivuta juu ya goti, anatoboa kitundu, anakizungushia uzi, anavuta, anatoboa kingine. Hatazami sindano, anatazama njia.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Wageni wa juu?"

"Eeh, ndio sisi. Tuna watoto, wakizidisha kelele mtuambie."

"Kelele hazina neno. Ila nyinyi hamuagi."

Akavuta uzi. Hakununa, hakucheka. Kama mtu anayekuambia leo kuna upepo.

Mimi nikafanya nini? Nikacheka kile kicheko changu cha ofisini, nikasema "haya Bi Mkubwa", nikaenda zangu. Nilipofika kwenye samaki ndipo likaniingia. Nyinyi nani? Mimi nimekuja juzi, ningeaga saa ngapi? Mimi ambaye nikitoka Tabata kwenda Mbagala napita kwa jirani kusema naenda Mbagala! Nikamjibu kichwani mbele ya muuza changu. Nikamjibu tena tukiwa Forodhani usiku. Kwenye nikah, shehe anasoma hotuba, mimi namwambia Bi Mkubwa kwamba sisi si hao wenye mabegi ya magurudumu, sisi tumeleta posa Kikwajuni, sisi ni watu wa humuhumu kwa mbali. Nikamsimulia Baba Watoto. Akaniuliza, "Kakutukana?" Nikasema hapana. "Basi lala."

Mezani kuna kijitabu cha wageni. Kinaeleza kwamba mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kwamba Sultani Barghash alijenga Beit al Ajaib, Jumba la Maajabu, mwaka 1883. (Watoto wameiona na uzio wake, tangu niwaambie sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati, wanauchunguza ukuta wangu kila usiku.) Kinaeleza wapi pa kula pweza na namna ya kuwasha kiyoyozi. Nimekisoma chote kwa hasira. Kwamba chini anakaa mtu, hakuna.

Ijumaa alasiri mlango ukagongwa. Mtoto wa kike, kikoi begani, kashika sahani imefunikwa kawa. "Bibi kasema mle." Mkate wa kumimina, bado wa moto, unanukia iliki hadi ngazini. Watoto waliumaliza nikiwa bado nasema jamani msubirini baba yenu.

Hasira ikaisha palepale, ikaja shida nyingine. Sahani! Sahani hairudi tupu, hilo hata aliyelelewa na mbwa analijua. Nikafungua makabati. Jiko la wageni lina glasi sita za mvinyo, kifungua chupa cha aina tatu, vipakiti vya chumvi na kikaango kimoja cha yai. Nilitafuta mbuzi ya kukunia nazi kwenye kila droo. Hakuna mbuzi, hakuna kinu, hakuna hata upawa. Nazi nikaiacha. Nikasema kaimati, maana kaimati zinataka unga, hamira na mkono. Unga niliuchanganyia kwenye bakuli la matunda lililowekwa kwa urembo, shira nikaipikia kwenye birika la chai. Baba Watoto akasimama mlangoni akitazama, safari hii hakusema lala.

Nikashuka nayo mwenyewe. Bi Mkubwa akafunua kawa, akachukua moja, akaitafuna taratibu.

"Shira nyepesi."

"Nilikosa sufuria, Bi Mkubwa."

"Si sufuria. Watu wa bara mnaogopa sukari." Akacheka mpaka kofia ikamdondoka gotini. Akala ya pili.

Akanisogezea nafasi barazani. Akaniambia waliingia humu baada ya Mapinduzi ya 1964, yeye msichana mdogo, wakitokea Ng'ambo. Mama yake alipewa vyumba viwili vya chini. Huko juu ninakolala mimi zilikaa familia nne na jiko moja, wakigombania zamu ya moto na kuazimana makaa. Mmoja mmoja wakahama, wengine Mombasa, wengine Muscat, wengine wamekufa, na wote, akasema, walishuka ngazi hizi wakasimama hapa. Sasa anasikia magurudumu tu. Alfajiri, kru kru kru ngazi nzima, mlango, kikasha kinalia tiki, kimya. Hajui kama aliyekuwa anakohoa usiku kapona. Hajui yule mama mwenye mimba alizaa nini.

Sikuwa na la kumjibu, na yale majibu yangu yote ya kichwani sikuona pa kuyaweka.

"Boti yenu lini?"

"Jumapili, ya saa moja asubuhi. Tutatoka hapa mapema sana, Bi Mkubwa."

"Mie alfajiri niko macho," akasema, akarudia sindano yake.

Sasa ni Jumamosi usiku, mabegi yako mlangoni, na nimemwambia Baba Watoto mabegi yatabebwa mgongoni, hakuna kuburuta kitu kwenye ngazi. Nilikuwa nimepanga kuishia hapa. Lakini jirani yetu wa Tabata kanitumia ujumbe saa hizi: LUKU yenu inalia tangu jana mchana, umeme unakwisha. Umeme naweza kununua hapahapa kitandani, namba zote ishirini zitakuja kwenye simu, ila kidude cha kuziingizia kiko ukutani sebuleni, nyumba imefungwa, na ufunguo wa akiba nilimwachia shemeji, ambaye muda huu anakoroma Kikwajuni pamoja na wajomba. Na kwenye friza kuna mguu wa mbuzi wa Mama, na maziwa ya mtoto wa dada niliyoambiwa niyatunze kama roho yangu. Jirani anauliza kama avunje dirisha la jikoni. Dirisha lile tumelipia vioo mwezi uliopita.