Jinsi tulivyomfungulia ningu njia kwenye banio

Masika yakianza, samaki aitwaye ningu hutoka Ziwa Victoria na kupanda mito kwenda kutaga. Nje ya bonde la ziwa hili hapatikani kabisa, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, imemweka kwenye kundi la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ndiyo maana nilipopewa kazi ya kusanifu ukarabati wa banio la skimu ya mpunga, yaani ukuta unaokinga maji ya mto na kuyaelekeza mashambani, kwenye mto mmoja mkoani Mara, niliomba njia ya samaki, mfereji wa kando wa kuwapandishia ng'ambo ya ukuta, iingizwe kwenye mchoro. Nilikubaliwa kwa sharti moja: mashamba yasikose maji.

Kabla ya kuchora chochote nilishinda pale mvua zilipochanganya. Ningu walikuwa wamejazana chini ya ukuta, majike matumbo yamejaa mayai, wanajigonga kwenye zege huku watu wakiwazoa kwa migono. Mvuvi mmoja mzee akaniambia, "Injinia, huyu harudi nyuma. Akikwama hapa, anakaa hapa hapa mpaka akamatwe."

Maneno yale ndiyo yaliyoamua mchoro. Mafundi walitaka mdomo wa njia uwe mbali huko chini, kwenye ardhi tambarare, kwa kuwa kuchimba ni rahisi. Samaki anayepanda hufuata mkondo wenye nguvu mpaka mahali panapomzuia. Mdomo ukiwa mita 30 nyuma yake, ataupita bila kuuona. Nikaukunja mfereji kama kiwiko, mdomo ukafunguka kando ya mguu wa ukuta, na maji yake yanatoka kwa kasi ya kutosha kusikika na samaki katikati ya vurugu ile.

Hesabu yenyewe si ngumu. Maji ya juu na ya chini ya ukuta yalipishana kimo cha mita 1.6, na mfereji huyateremsha kwa ngazi za vizingiti vyenye mianya. Kasi ya maji kwenye mwanya hutokana na kimo cha mporomoko kwenye kila kizingiti: sentimita 20 hutoa karibu mita 2 kwa sekunde, sentimita 10 hutoa mita 1.4. Nilichagua 10 ili hata samaki wadogo wapite, kwa hiyo vizingiti vikawa 16, kila kimoja na kidimbwi cha mita 2.5 cha kupumzikia. Jumla ni mita 40 za mfereji. Hatukumwaga zege sakafuni. Tulipanga mawe ya mto wenyewe, mianya ikipishana kushoto na kulia, na kokoto chini mfululizo, kwa sababu maji yanayogusa kokoto hupungua kasi na samaki mdogo hujiegemeza hapo. Mdomo wa juu tuliusogeza mbali na lango la mfereji wa mashamba, samaki aliyechoka asivutwe kwenda kwenye mpunga.

Kazi kubwa ilikuwa mkutanoni. Wakulima waliona lita 200 kwa sekunde za njia ya samaki "zinapotea". Niliwaonyesha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka sehemu ya maji ibaki mtoni kwa ajili ya mazingira. Maji yale yangeteremka tu juu ya ukuta. Sasa yanateremka kwa njia ya samaki. Hawakunyang'anywa tone. Mama mmoja mwenye shamba mwisho wa mfereji, ambaye ndiye hukosa maji kabla ya wengine, aliposema ameelewa, wengine wakanyamaza.

Masika yaliyofuata tulitega mgono mdomo wa juu na kuuangalia alfajiri. Ningu walikuwemo, na kambale, na vidagaa vya mtoni nisivyovitarajia.

Yaliyobaki ni ya jumuiya ya watumia maji. Imepiga marufuku kutega karibu na mdomo wa chini, na kila baada ya mafuriko, zamu inayosafisha mfereji wa mashamba inaanza kwanza kutoa matawi yaliyoziba mianya ya samaki.