Mpango wangu wa Insta na WhatsApp umetoka kwenye daftari la maswali

Juzi dada mmoja ninayemfahamu, anauza sabuni za maji huko Tabata, kanipigia simu anataka nimsaidie kupanga mkakati wa mitandao, maana kila mtu anamwambia biashara bila mkakati haiendi na kuna kijana keshamtajia bei ya kumfanyia. Nikamwambia kabla hujamlipa mtu hata mia, niambie kwanza wateja wako wiki hii wamekuuliza nini. Akanyamaza kidogo. Akasema wanauliza bei, wanauliza kama ina povu, afu wengi wanauliza kama inachubua mikono. Nikamwambia basi hapo ushapata maposti matatu, tena yale ya maana kabisa. Tukaongea karibu saa nzima mpaka bando la dakika likakata, ndo nikaona bora niandike na hapa kwa urefu, kwasababu haya mambo mimi yameniuma na sipendi kuona mwenzangu anapita njia ile ile.

Sisi tunauza khanga. Fremu ni ya mama, iko Mbagala, mzigo tunachukua Kariakoo, mimi na mdogo wangu ndo tunashika simu. Mwaka wa kwanza tulivyofungua akaunti nilimlipa kijana aiendeshe kwa miezi mitatu, laki na nusu kila mwezi, na hela hiyo niliitoa kwenye mtaji. Alikuwa anaposti mara tatu kwa siku kweli, hakukosa, ila ni yale maposti ya jumatatu njema mpendwa, asubuhi njema mteja wetu, picha za maua, na khanga mbili tatu katikati. Mafolowazi yakapanda mpaka elfu tisa na kitu, nikafurahi sana, nikamwonyesha mama. Mama akauliza, "hao wote wanavaa khanga?" Nikaenda kuangalia moja moja, nyingi ni akaunti za nchi ambazo hata sizijui, hazina picha, hazijawahi kulaiki kitu. Kwa miezi mitatu ile mitandaoni tuliuza doti ambazo unaweza kuzihesabu kwa vidole.

Baada ya hapo nikanunua kaunta buku moja. Nikasema kwa wiki tatu siposti kitu kipya, naandika tu kila swali linaloingia, la DM, la WhatsApp, la mtu aliyesimama dukani, hata la mtu aliyeuliza akaondoka bila kununua. Huyo wa mwisho muhimu sana, msimsahau.

Maswali yakawa yanajirudia. Bei gani. Inachuja? Ni kotoni au polista? Mnatuma mkoani? Mnazo doti 40 za aina moja, ni za sare ya kitchen party. Na lile lililoshinda yote: hii jina lake linasemaje?

Hapo ndo niliposhtuka. Anayejua khanga anajua ina pindo la kuzunguka pembeni, ina mji, lile pambo la katikati, na ina jina, yale maandishi ya chini. Na mwanamke akinunua khanga mara nyingi ananunua jina, anampelekea mama mkwe, anampelekea wifi, anamtunza mwali, kuna khanga ya shukrani na kuna khanga ya kumwambia mtu kitu ambacho mdomo hauwezi. Sasa sisi picha zetu zote mdogo wangu alikuwa anazikunja vizuri, anazipanga kama vitabu, zinapendeza kweli, ila jina limeingia ndani ya mkunjo halionekani! Mwaka mzima tunauza khanga bila jina. Tangu siku hiyo picha ya kwanza ni mji na jina vimetandazwa, ya pili ni pindo kwa karibu ili mtu aone rangi, ya tatu ni mtu kaivaa amesimama, na maandishi ya posti yanaanza na jina lenyewe kabla ya kitu kingine chochote. Watu wakaanza kuitana chini ya posti, "hii ya mama yako", "hii nitumie mimi", na wengine wakawa wanatuandikia wanatafuta jina fulani walilolisikia kwa bibi. Wazee nao wana yao, wakiona pale pindoni pameandikwa K.H.E. Mali ya Abdulla hawaulizi tena ubora, hiyo alama ni ya duka la Mombasa lililoanza 1887, wameikuta kwa mama zao. Nikajifunza kuiposti hiyo kwa karibu ionekane, maneno mengi ya kazi gani.

Swali la kuchuja tulilijibu kwa video. Beseni jeupe, maji, khanga nyekundu, kitambaa cheupe pembeni, mama anafua, mimi nimeshika simu nje ya duka asubuhi jua likiwa halijawa kali. Sekunde 20 na kitu, hakuna muziki, sauti ya mama tu anaeleza. Ile nyekundu ilitoa rangi kidogo kwenye maji. Mdogo wangu akataka tuirudie na nyingine, nikamkatalia, tukaiacha hivyo hivyo na mama akasema kabisa, hii mara mbili za mwanzo ifue peke yake. Hiyo video imetuuzia kuliko kitu chochote tulichowahi kuweka, na mpaka leo mtu akiuliza namtumia hiyo hiyo.

Kuhusu bei nitasema wazi kwasababu hili linanikera. Ile tabia ya "bei DM" tuiache jamani. Najua sababu zake, tunaogopa jirani ataona atapunguza shilingi mia tano, tunaogopa mteja akiona atakimbia. Lakini bei ya khanga Kariakoo kila mtu anaijua, huyo jirani anayo tayari. Na mteja ambaye yuko kwenye daladala anaangalia simu, bando lake la kupima, ukimwambia njoo DM anapita kwenda kwa mwingine, wala hakuchukii, amepita tu. Sisi tulipoanza kuandika bei kwenye picha meseji zilipungua, ni kweli, na wiki ya kwanza nilipata wasiwasi. Ila zile zilizokuja zikawa zinaanza na "natumaje hela". Mtu keshaamua. Nilikuwa natumia jioni nzima kujibu watu hamsini bei ile ile, sasa jioni hiyo nafunga mizigo.

Kalenda ndo kitu cha pili baada ya daftari. Iko ukutani dukani, ya karatasi, tumezungushia kalamu. Mwisho wa mwezi mishahara inatoka, hapo ndo unaposti mzigo mpya, tarehe 15 unaposti vya kuelimisha maana hela haipo. Machi 8 Siku ya Wanawake, maofisi na vikundi vinatafuta sare, wanaanza kuuliza Februari. Jumapili ya pili ya Mei Siku ya Mama. Desemba harusi na watu wanaosafiri kwenda kwao, hawaendi mikono mitupu. Januari ada za shule, usimsumbue mtu. Na Ramadhani, hii ilituadhibu, kwasababu tulichukua tarehe za mwaka uliopita tukapanga nazo, tukasahau kwamba inarudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi na 2026 ikaanzia Februari. Mzigo wa Eid usipoagiza mapema unakukuta uko njiani na wenzako washauza. Kwahiyo ukipanga maposti panga kurudi nyuma, Eid ni lini, mteja wa mkoani anahitaji siku ngapi mzigo ufike kwa basi, fundi anahitaji siku ngapi kushona, hapo ndo unajua posti ya kwanza inatoka lini. Kamati za kitchen party nazo zinahitaji angalau wiki mbili za kuchangishana, ukiwaonyesha sare wiki ya sherehe umechelewa.

TikTok tupo, tunaweka video zile zile za Insta, watu wanaangalia sana wananunua kidogo, siipi muda zaidi ya hapo. Labda kwa vyakula au vipodozi ni tofauti.

Mauzo yenyewe yako WhatsApp. Tumeweka ile ya biashara, ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei, ina lebo za kujua nani kalipa nani bado, ina majibu ya haraka unaandika alama ya mkwaju (/) na neno moja jibu zima linatoka, namba ya malipo, gharama ya kutuma mkoani, vipimo. Ila kuna jambo wengi hawalijui, ile orodha ya kutangazia inachukua watu 256 tu, na ujumbe haumfikii mtu ambaye hajasevu namba yako. Nilikuwa natuma mwaka mzima nashangaa watu wako kimya, kumbe wengi hawakuwahi kuuona. Sasa kila anayenunua namwambia nisevu, kila Alhamisi natuma majina mapya ya khanga, na yeye anakubali kwasababu anataka kuyaona majina. Status naweka asubuhi na jioni, inakaa saa 24 tu, na mtu anayeijibu ndo mteja wa karibu kuliko wote.

Na namba zote zimeandikwa kwenye daftari, kwa kalamu. Kuna watu wananiambia nimezidi, ila nina sababu. Oktoba 4 mwaka 2021, ile Jumatatu jioni Facebook, Insta na WhatsApp zilipozima dunia nzima kwa karibu saa sita, nilikuwa katikati ya mazungumzo na mwenyekiti wa kamati moja, doti 30, na mawasiliano yake yote yako kwenye DM. Sikuwa na namba yake. Zilivyorudi usiku wa manane nikamwandikia, asubuhi akajibu samahani mpendwa tumeshalipia kwingine. Nililia. Afu Mei 12 mwaka 2024 nyaya za chini ya bahari zikakatika, mtandao ukawa hoi nchi nzima, na ilikuwa siku gani? Jumapili ya Siku ya Mama yenyewe. Safari hiyo nilikuwa na daftari. Nikakaa na mdogo wangu tukagawana kurasa, tukatuma meseji za kawaida na kupiga simu, shikamoo mama, mzigo wa binti yako uko tayari, tunampa bodaboda saa ngapi. Karibu oda zote zilifika siku ile ile.

Kitu cha mwisho tunachofanya ni kumuuliza kila anayelipa, umetupata wapi? Mdogo wangu anaandika pembeni ya jina, herufi moja tu, I ya Insta, W ya WhatsApp, R ya rafiki, D ya aliyepita dukani. Mwisho wa mwezi tunahesabu. Zaidi ya nusu huwa ni W na R, kila mwezi, na hapo ndo niliamua maposti ya Insta yawe manne kwa wiki yanatosha, nguvu iliyobaki iende kwa watu ambao washanunua. Yale mafolowazi elfu tisa niliyafuta polepole, usiku baada ya usiku, nilitaka nikiangalia namba nione watu.

Yule dada wa sabuni ameshanunua daftari, kanitumia picha. Jana kachukua video ya povu kwenye karai lake mwenyewe, kaniuliza aiweke saa ngapi, nikamwambia kwa wateja wa nyumbani jaribu saa mbili usiku watu washakula, afu jaribu na saa saba mchana, uandike ipi imeleta maswali.

Kwetu wiki hii swali lililorudi mara nne ni kama khanga mpya inafaa kumbebea mtoto mchanga hivi hivi au ifuliwe kwanza ilainike. Kesho asubuhi mama ataonyesha anavyofanya yeye, mjukuu yupo, beseni lipo, mimi nitashika simu.