Jinsi tulivyookoa alalili yetu Simanjiro na kupata hati

Naandika hii kwa wafugaji wenzangu, na wawindaji Wahadzabe na Waakie pia, wote mnaoona trekta zinaingia kwenye ardhi yenu na hamjui muanzie wapi, manake sisi Wamaasai huku wilaya ya Simanjiro ilibaki kidogo tu damu imwagike.

Alalili ni yale malisho tunayotunza kwa ajili ya ndama na ng'ombe waliodhoofika kiangazi. Masika moja tukakuta jamaa katoka mjini anailima, ana karatasi yenye muhuri wa kijiji inasema kauziwa ekari mia mbili. Wazee wetu walishapoteza malisho na maji ya Tarangire ilipofanywa hifadhi ya taifa 1970, kwa hiyo morani walikuwa hawashikiki kabisa, laigwanan, yaani kiongozi wetu wa kimila, akawazuia akanigeukia, "Yeyo (mama), wewe si uko kwenye baraza la ardhi la kijiji? Isome hiyo karatasi utuambie."

Nikaisoma, ina sahihi mbili na muhuri basi, mkutano mkuu haujatajwa popote. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inasema wazi halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie kwanza. Nikaenda kwa mtendaji mpya wa kijiji kuomba faili la mihtasari ya vikao, tukapekua ukurasa kwa ukurasa, hakuna kikao hata kimoja kilichomjadili yule jamaa. Nikatoa kopi, mtendaji akazigonga muhuri, na hizo kopi ndo zilitubeba.

Mkutano mkuu ni wa kila mwanakijiji aliyefika miaka 18, ila kwetu wanawake wengi huwa hawaendi, siku ya mkutano wako kwenye maji na kuni. Tukapita boma kwa boma kuwaambia njooni, ndama zinazokufa ni zenu na maziwa ni yenu, wakaja wengi kweli mpaka wazee wakasogea kwenye kivuli kuwapisha. Jamaa naye akaja, akasema, "Mama, mimi nilitoa hela yangu halali." Nikamwambia, "Baba, hela ulimpa mtu, ardhi ni ya kijiji." Mkutano ukaamua avune mahindi yake halafu aondoke, kuna waliosema tumemlegezea ila mimi naona ilikuwa haki, na yeye alitapeliwa na ana watoto wanakula.

Hatukuishia hapo. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walishapata hati miliki ya kimila ya pamoja, yaani hati ya ardhi ya kundi zima, tangu 2011, tukasema na sisi tunaweza. Kazi kubwa ni mipaka jamani, unatembea juani na wazee wa vijiji jirani, kila mgunga una historia yake, huyu anasema babu yake alinyweshea hapa yule anakataa, na mpima na mashine yake anawasubiri tu mkubaliane. Hati ikaandikwa kwa jina la kundi la wafugaji, sio la mtu mmoja, ili asitokee wa kuuza kimyakimya, wakasaini mwenyekiti na mtendaji, afisa ardhi wa wilaya akaisajili.

Baadaye alikuja mwingine na pikapu anatafuta shamba, tukamwonyesha hati, akapiga simu mbili tatu akaondoka. Kuna korongo la kusini tulilobishania na jirani zetu, bado halijaingia kwenye hati, wazee wa pande zote wamekubali kukutana mvua zikiisha.