Rekodi za Super Mario Kart zikianza kufutika

Wenye kaseti za Super Mario Kart, gemu ya mbio za magari ya SNES, mashine ya gemu ya Nintendo (1992), mkiwasha mashine na kukuta muda wenu bora umefutika, jamani msiitupe kaseti. Ndani mna betri ya CR2032, ndiyo inayotunza rekodi umeme ukizimwa. Ikichoka, gemu inachezeka kama kawaida ila haikumbuki kitu.

Skrubu mbili za kaseti zinataka bisibisi maalumu ya 3.8 mm, ya kawaida itaparua vichwa tu. Pima betri kwa maltimita (kipima volti): betri mpya husoma volti 3 na ushei, ikikaribia 2.5 ibadilishe. Piga picha ubao wa saketi kwanza uone upande wa chanya, maana ukiigeuza betri, rekodi hazikai. Nunua betri iliyokwisha kuungwa miguu ya bati. Usilehemu juu ya betri yenyewe kamwe: joto huiua, na inaweza kupasuka usoni. Kulehemu kila mguu ubaoni, sekunde 2 au 3 zinatosha. Ukikawia, njia ya shaba inabanduka ubaoni, na hapo kazi inakuwa kubwa.

Kama bado kuna rekodi, ziandike karatasini kabla. Betri ikitoka, zimekwenda.