Bastola yenye ruhusa ya jimbo haina ruhusa ya jengo la shirikisho

Anayetoka Dar na green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, akahamia jimbo la Texas anaweza kununua bastola kihalali, na tangu Septemba 2021 watu wazima wengi jimboni humo huibeba bila kibali. Huku kwetu ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ile ile kuanzia Kinondoni hadi Kigoma. Kule ruhusa ya jimbo inakomea mlangoni mwa jengo la serikali ya shirikisho, na mhamiaji ana shida nyingi za kumfikisha kwenye milango hiyo: namba ya Social Security (hifadhi ya jamii), alama za vidole uhamiaji, usaili wa uraia, maombi ya pasipoti posta.

Kifungu cha 930 cha sheria za jinai za shirikisho kinakataza kuingia, huku unajua, na bunduki au silaha nyingine ya hatari kwenye jengo linalomilikiwa au kupangwa na serikali hiyo, ambako watumishi wake hufanya kazi mara kwa mara. Hapo kwenye kupangwa ndipo watu wanaponaswa. Ofisi ya Social Security inaweza kuwa ukumbi mmoja tu ndani ya jengo la maduka, na ukumbi huo unahesabika sawa na makao makuu ya wizara. Adhabu ni faini, au jela hadi mwaka 1, au vyote viwili. Kwenye mahakama ya shirikisho ni hadi miaka 2, na ukiwa na nia ya kuitumia silaha kwenye uhalifu, hadi 5. Kisu cha mfukoni chenye makali yasiyofika inchi 2.5, yaani sentimita 6.35, hakimo.

Sheria inataka tangazo libandikwe wazi kwenye kila mlango wa umma. Lisipokuwepo, huwezi kutiwa hatiani kwa kuwa na silaha tu, ila kama ulikuwa unajua katazo. Ndugu yangu, usiutegemee mwanya huo.

Posta wana kanuni yao, kali zaidi: inagusa eneo lote la posta, pamoja na maegesho. Kuifungia bastola kwenye gari na kuingia kununua stempu hakukuokoi. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Denver iliunga mkono katazo hilo la maegesho. Januari 2024 jaji mmoja wa Florida alifuta shitaka la silaha dhidi ya mfanyakazi wa posta aliyekuwa na bastola kazini, lakini uamuzi wa jaji mmoja wa Florida haumlindi aliyekamatwa Ohio.

Hifadhi za taifa ni tofauti kidogo. Tangu 22 Februari 2010 porini unafuata sheria ya jimbo, ila ukiingia kituo cha wageni umerudi kwenye kifungu cha 930.

Mwenye viza ya masomo au ya matembezi asiguse kabisa. Kwake kumiliki silaha ni kosa la hadi miaka 15, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Hata kuikodi kwa saa moja kwenye uwanja wa shabaha kunaweza kuhesabika kumiliki.

Mwenye green card naye asiudharau huo mwaka 1. Sheria ya uhamiaji inahesabu hukumu ya kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria kuwa sababu ya kufukuzwa nchini, hata kama hukulala jela.

Basi siku ya miadi, kagua begi nyumbani, mifuko ya pembeni pia, kwa sababu bastola iliyosahaulika humo itaonekana kwenye mashine, na kuthibitisha kwamba ulisahau ni kazi ya wakili. Ukiikumbuka njiani, rudi. Ukiikumbuka karibu na mlango, usiingie kumwomba mlinzi akutunzie: ondoka, na uombe tarehe mpya kabla saa ya miadi haijapita.