Saa Kumi, Maji Yakijaa

Mama alinituma Mombasa na mambo mawili ya kumfikishia mjukuu wake. La kwanza ni salamu. La pili ni swali: yale maji aliyotiwa kichwani akiwa mchanga, kanisani kwetu, yalipungua nini?

Kaka yangu alikuwa amekataa kwenda. Binti yake, fundi cherehani wa miaka 22, amejiunga na kanisa dogo la Kibaptisti huko Kisauni, na Jumapili ile alikuwa azamishwe baharini. Sisi ni Waanglikana tangu enzi za babu. Kwetu mtoto hupelekwa kubatizwa kabla hajajua kuketi. Machoni pa mama, kubatizwa tena ni kuwaambia wazazi wako kwamba hawakukufanyia kitu. Nami nilikuwa na uchungu huo huo nilipopanda matatu Voi, Jumamosi alfajiri. Mkobani mlikuwa na leso mpya ambayo mama aliitia mwenyewe bila kusema ni ya nini. Niliikunjua njiani nikasoma jina lake: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sikujua kama ni lawama au ni baraka.

Kutoka Voi ni kama kilomita 150. Maungu, Mackinnon Road, Samburu, Mariakani, malori ya bandarini yakifuatana mwanzo mwisho. Ukifika Mazeras minazi inaanza na nguo inakuganda mgongoni. Nilishuka Mwembe Tayari, nikatafuta gari la Kisauni.

"Kengeleni! Wa Kengeleni mpo?" utingo aliita tulipokwisha kuvuka daraja la Nyali na kulipita soko la Kongowea. Sikuwa nimepanga kushuka hapo, lakini nilishuka. Nimelisikia jina hilo tangu utotoni katika mafundisho ya kipaimara, na mara zote nimepita nikiwa na haraka.

Kengele yenyewe imetundikwa kwenye mnara mdogo wa mawe kando ya barabara, magari yakiizunguka usiku na mchana. Hapa ndipo Frere Town. Wamisionari wa CMS, chama cha umisionari cha Kanisa la Anglikana, walianzisha kijiji hiki mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wakakiita kwa jina la Sir Bartle Frere, yule aliyetumwa na Uingereza kumshinikiza Sultani Barghash mpaka soko la watumwa la Unguja likafungwa mwaka 1873. Manowari za Kiingereza ziliwashusha watu pwani hii wakiwa hawana ukoo, wengine hawakumbuki hata lugha ya mama zao. Walimu wao wengi walikuwa Waafrika wenzao waliokamatwa wadogo, wakaokolewa baharini, wakalelewa Nasik kule India, kisha wakarudishwa. Kengele hii ilipigwa kuwaonya wanakijiji wanapokuja wale wanaotaka kuwateka tena. Mtu alikuwa akilala akisikilizia chuma hiki.

Nilisimama hapo na mkoba wangu, wauza mabuyu wakinitazama. Ndipo likanijia jambo ambalo nililijua siku zote bila kulifikiria. Krapf, mmisionari Mjerumani wa CMS hiyo hiyo, alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka ule ule akamzika mkewe na kitoto chao upande huu huu wa Nyali. Miaka ikapita bila mtu wa huku kubatizwa. Wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu mgonjwa wa huko Rabai, mwaka 1851, naye alikuwa mtu mzima aliyesikia, akauliza maswali yake, akakubali. Watu wazima wengi wa Frere Town nao walifundishwa kwanza, kisha wakabatizwa. Sisi tunaojivunia ukongwe wa kanisa letu, waliotutangulia walijibu kwa vinywa vyao wenyewe. Nilipanda gari jingine nikiwa nimepungukiwa na maneno niliyokuja nayo.

"Shangazi, shikamoo! Umekonda," mtoto wa kaka yangu alinipokea stendi, akanipokonya mkoba. Salamu za nyanya yake nilizitoa pale pale. Swali nililiweka.

Kanisa lao ni jumba moja la mawe ya matumbawe, bati juu, sakafu ya saruji, viti vya plastiki vya rangi tatu kwa sababu vilinunuliwa kwa awamu. Jumamosi jioni kwaya ilikuwa mazoezini. Katikati ya ubeti adhana ikatoka msikiti wa jirani, na mwalimu wa kwaya akashusha mkono. Wote wakanyamaza hadi ilipokwisha, wakaendelea pale walipoachia. Hakuna aliyeeleza kitu. Nilimuuliza mzee shemasi aliyekuwa akirekebisha taa mlangoni kama kuna mapatano.

"Mapatano gani, mwanangu? Hawa ni majirani."

Mzee huyo amestaafu kazi ya bandari Kilindini, na ndiye anayeijua historia yao. Walianza sebuleni kwa kuli mwenzake, watu tisa, watoto wakikalia mkeka. Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani waliingia Kenya na Tanganyika mwaka 1956, lakini kanisa hili, aliniambia kwa fahari, halikujengwa na mgeni. Kila tofali lina mwenyewe. Kwao kila kanisa linajitawala: hakuna askofu wa kuwaamulia, mchungaji humwita wao, hesabu husomwa mbele ya wote, na mshirika aliyejiunga jana ana kura moja sawa na ya mzee. Nilimwambia hilo lingetushinda sisi. Alicheka, akasema hata wao huwashinda, kuna mwaka walibishana miezi minne juu ya tangi la maji.

Kisha akanirudisha mbali zaidi. Wabaptisti wa kwanza walikuwa Waingereza waliokimbilia Amsterdam, wakaanza huko mwaka 1609 na John Smyth. Mwenzake, Thomas Helwys, alirudi London mwaka 1612, akamwandikia Mfalme James kwamba mfalme ni mwanadamu, hana mamlaka juu ya roho za watu. Awe mzushi, awe Myahudi, awe Mturuki, maana yake Mwislamu, dini ya mtu ni kati yake na Mungu. Alitiwa gerezani Newgate, akafia humo. "Kwa hiyo," mzee alisema akifunga taa yake, "tukiwapigia kelele wenzetu wakiswali, tutakuwa tumemsahau huyo." Nimesikia mahubiri mengi juu ya majirani, na hilo nimelishika kuliko yote.

Usiku nilishindwa kuuliza lile swali. Tulikula viazi karai, tukazungumza habari za mashamba.

Jumapili baada ya ibada watu hawakutoka. Ulikuwa mkutano wa washirika, nao waombaji watano wa ubatizo walikuwa watoe ushuhuda kabla ya kukubaliwa. Mtoto wetu alikuwa wa nne. Alisimama akiviringisha ncha ya kitambaa chake.

"Aliyenifundisha kuomba ni nyanya yangu," alisema. "Nikiwa mdogo alinibeba mpaka kanisani, akaahidi mbele ya watu kwamba nitamfuata Kristo. Aliahidi yeye, kwa sababu mimi sikuwa na kauli. Leo ninayo. Nimekuja kusema mwenyewe lile alilonisemea."

Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Mama mmoja wa nyuma akasimama kusema tu kwamba binti huyu ndiye aliyemshonea sare za watoto wake mwezi aliofiwa, na hakudai. Mikono ikapanda. Wangu pia ulipanda kabla sijakumbuka kwamba mimi si mshirika, sina kura. Mzee shemasi aliuona, akahesabu ya wengine akaniacha na wangu juu.

Nyuma ya kanisa jirani mmoja, Bi mkubwa Mwislamu wa nyumba ya pili, alikuwa amekwisha kuleta sufuria zake kubwa na kusimamia pilau. Walinieleza kwamba hao akina mama wana chama kimoja cha kuchangiana, Wakristo kwa Waislamu, zamu kwa zamu, na mwezi ule zamu ilikuwa yake. Tulikula upesi kwa sababu ya maji. Ilikuwa bamvua, na bamvua pwani hii hujaa mnamo saa kumi jioni. Ukichelewa, bahari inaanza kurudi, na itakubidi utembee juu ya majani ya bahari na mashimo ukitafuta kina cha kuzamisha mtu.

Tulikwenda Bamburi, ufuo wa Pirates, katika matatu mbili za kukodi tukiimba. Ufuo ulikuwa umejaa watu wa Jumapili, watoto na maboya yao ya matairi, ngamia wa kupandisha watalii. Nilidhani watatucheka. Walitupisha. Waliokuwa wakiogelea karibu walisogea kando, wengine wakasimama wakitazama, maji kifuani.

Mchungaji na mzee shemasi waliingia mpaka kiunoni. Mtoto wetu alivuka mawimbi akiwa na joho jeupe lililovimba kama tanga. Nilikuwa nimekaa mbali mchangani, lakini miguu ilinipeleka, nikajikuta magotini majini na viatu mkononi. Walimuuliza kama anamwamini Bwana Yesu. Akajibu ndiyo, kwa sauti niliyoisikia juu ya mawimbi. Akafumbatwa mikono kifuani, akalazwa chali, maji yakamfunika uso, kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Alipoibuliwa wimbi lilimpiga tena, na akacheka kwa nguvu, akikohoa, huku kwaya ikianza kuimba.

Leso ya mama ilikuwa begani mwangu. Nilimfunika nayo akitetemeka, tukasimama hivyo, chumvi ikituchuruzika sote wawili. Alisoma maandishi kwenye pindo, akanitazama.

"Hii imetoka kwa nyanya?"

"Ameitia mkobani kwa mkono wake."

Tulimpigia simu kutoka pale pale, upepo ukivuma ndani ya simu. Mama alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama mtoto amepata nguo kavu, na kama lile joho jeupe amelishona mwenyewe.