Kuokoa viluwiluwi wa chura dimbwi linapokauka

Mvua za vuli zikikatika mapema na jua la kaskazi likashika, madimbwi ya Pwani hukauka upesi kuliko yale yanayoachwa na masika. Baada ya masika huja kusi, mawingu na kipupwe. Baada ya vuli huja Januari. Ndipo mtu anapopita kando ya barabara, kuanzia Malindi na Kilifi hadi Bagamoyo na Rufiji, akakuta viluwiluwi wamejazana kwenye maji ya vidole viwili, akachota ndoo nzima na kwenda kuwamwaga kwenye bwawa kubwa la karibu. Huruma hiyo ni njema, lakini bwawa kubwa ndilo litakalowamaliza. Wanachopungukiwa viluwiluwi hawa ni siku chache tu, na mara nyingi siku hizo zinaweza kupatikana palepale walipo.

Kwanza amua kama inafaa kuingilia. Dimbwi la asili la msimu hukauka kila mwaka, na kukauka huko ndiko kunakowazuia perege na kambare wasikae humo. Chura huchagua kutaga pale kwa sababu hiyo. Jike mmoja wa chura mwenye vipele (Sclerophrys gutturalis), anayelia usiku kucha karibu na nyumba za watu, hutaga maelfu ya mayai katika nyuzi ndefu, na wengi wa watoto hao hawafiki nchi kavu hata mwaka wa mvua nzuri. Ndege, nyoka wa majini na kenge nao hula humo. Dimbwi la msituni linalokauka kwa wakati wake liache. Penye haki ya kuingilia ni pale mkono wa mtu ulipoharibu hesabu: shimo la murram au la matofali linalofukiwa, mtaro uliozibuliwa, jaruba la mpunga lililofunguliwa maji kabla ya wakati, dimbwi lililovutwa kwa pampu, au matairi ya lori yaliyochimba mifereji ambayo vyura wameidhania dimbwi. Ndani ya hifadhi usiguse kitu bila ruhusa ya wahusika.

Halafu pima. Chomeka kijiti mahali penye kina kuliko pote, weka alama usawa wa maji asubuhi, kisha rudia saa ileile kesho na keshokutwa. Tuseme kina ni sentimeta 9 na maji yanashuka sentimeta 1.5 kwa siku. Usihesabu siku 6. Maji yakibaki sentimeta 4 hivi, jua la saa sita huyapasha hadi yakawaua kabla hayajaisha, kwa hiyo una siku 3 tu. Sasa mwangalie kiluwiluwi mwenyewe. Asiye na miguu bado anahitaji wiki mbili au zaidi. Mwenye miguu ya nyuma iliyokwisha kukunja goti anahitaji kama wiki moja. Aliyetoa na mikono anakaribia kutoka majini. Hesabu hizi ni za kukadiria, hutofautiana kwa aina na kwa joto, lakini zinatosha kukuonyesha kama pengo ni la siku mbili au ishirini. Jua pia kwamba viluwiluwi wa aina nyingi huharakisha kukua maji yanapopungua, ingawa hutoka wakiwa wadogo.

Pengo likiwa dogo, wasaidie hapohapo. Funika nusu ya dimbwi kwa makuti yaliyoinuliwa juu ya vijiti, upande wa magharibi ambako jua la mchana hupiga. Kivuli peke yake hupunguza joto na mvuke kwa pamoja. Usifunike lote, kwa sababu ukoga wanaoula unahitaji mwanga. Kuongeza maji kunafaa kwa dimbwi dogo tu, na hapa hesabu haidanganyi: dumu la lita 20 huinua dimbwi la mita moja ya mraba kwa sentimeta 2, lakini dimbwi la mita nne za mraba kwa nusu sentimeta, ambayo jua litaimaliza kabla ya kesho. Mimina jioni, polepole, juu ya jani au jiwe ili tope lisitibuke.

Katika shimo lililochimbwa na watu unaweza pia kuwachimbia kimbilio. Shimo la upana wa sentimeta 60 na kina cha sentimeta 30 hubeba lita 80 na kitu. Lichimbe kando ya maji, upande wa chini, si ndani yake. Liache tope litulie hadi kesho yake, ndipo uliunganishe na dimbwi kwa mfereji mwembamba. Ukichimba ndani ya maji, tope huziba matamvua yao, na hewa chafu iliyolala chini ya matope hupanda ikawaua kabla ya jua. Kusini mwa Afrika yuko chura mkubwa (Pyxicephalus adspersus) ambaye dume lake hufanya kazi hii kwa miguu yake: hulinda watoto, na kidimbwi chao kikianza kukauka huchimba mfereji hadi kwenye maji makubwa zaidi. Angalizo moja: maji ya shimo hukaa kwa sababu ya tabaka la udongo wa mfinyanzi. Mara udongo unaotoka ukibadilika kuwa mchanga, simama, rudisha mfinyanzi na uukanyage, la sivyo dimbwi lote litanywea usiku mmoja.

Dimbwi la asili usilichimbe kamwe. Katika madimbwi ya msimu ya Kenya na Tanzania wanaishi samaki wadogo wenye rangi nzuri mno, wa jenasi ya Nothobranchius. Wakubwa wote hufa maji yakikauka, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope kavu yakisubiri mvua. Jembe moja linaweza kuharibu kizazi kizima cha samaki katika jitihada za kuokoa kizazi cha vyura.

Ikibidi kuwahamisha, fanya kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, maji yakiwa baridi. Kabla ya kutibua chochote, chota maji safi ya juu na ujaze ndoo pana nusu. Tumia chujio la plastiki la jikoni lililofungwa kwenye mpini mrefu. Chandarua chenye dawa usikitumie hata kikiwa kikuukuu: dawa ya aina ya pairethroidi iliyomo huua samaki na viluwiluwi kwa kiasi kidogo sana. Mikono isiwe na sabuni, mafuta wala dawa ya mbu. Mpini mrefu una faida ya pili, kwako wewe. Konokono wanaoeneza kichocho huishi katika madimbwi haya na baadhi yao huvumilia ukame ndani ya matope, kwa hiyo usiingie peku. Vaa gambuti, na ukilowa jikaushe kwa taulo mara moja.

Ndani ya chujio utakuta na wengine. Funza wa kereng'ende mwenye taya la kuchomoka na buu wa mbawakawa wa majini watamaliza ndoo yako njiani, kwa hiyo warudishe dimbwini. Viluwiluwi wadogo 50 katika lita 10 wanaweza kubebwa kwa saa moja kivulini. Wenye miguu wapunguze hadi nusu ya hapo.

Waende wapi? Dimbwi la jirani, linalopokea maji ya mkondo uleule, lisilo na samaki, ikiwezekana ndani ya mita mia chache. Lambo la ng'ombe na bwawa la kufugia samaki havifai, maana perege na kambare watawala kabla ya jioni. Bonde jingine au kijiji kingine pia hapafai, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Kuvu wa vyura, Batrachochytrium dendrobatidis, aliyepewa jina mwaka 1999, amewaangamiza vyura katika mabara kadhaa. Kwa kiluwiluwi hukaa kwenye sehemu ngumu za mdomo bila kumuua. Anaonekana mzima huku amebeba ugonjwa. Kuvu huyo alikutwa kwa vyura wa Kihansi waliokufa, huko Udzungwa, idadi yao ilipoporomoka mwaka 2003 baada ya maji ya maporomoko yao kupunguzwa kwa ajili ya umeme. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini, na waliorudishwa kuanzia 2012 walitokana na waliokuwa wamehifadhiwa Marekani. Ndoo ya maji kutoka bonde moja kwenda jingine si kitu kidogo. Ukimaliza kazi, osha tope lote kwenye gambuti, ndoo na chujio, kisha vianike juani siku nzima vikauke kabisa. Kuvu huyu hawezi ukavu.

Ukifika kwenye dimbwi jipya, sawazisha joto kabla ya kuwaachia: weka chombo chao kikielea kwenye maji mapya dakika 20 hadi 30, ukiongeza kikombe kimoja cha maji mapya kila baada ya dakika 5.

Pasipo na dimbwi la jirani, linabaki beseni. Chagua pana lisilo na kina, maji ya sentimeta 15 hadi 20, chini ya mti au baraza yenye mwanga lakini si jua la mchana. Kwa wanaokua hadi kutoka, mmoja kwa lita moja ndiyo kiasi salama. Beseni la lita 40, viluwiluwi 40. Anza na maji ya dimbwi lao, kisha badilisha theluthi moja kila siku ya pili. Maji ya bomba yalaze kwenye chombo wazi saa 24 ili klorini itoke. Maji ya mvua ni mazuri, ila si ya kwanza kushuka paani, wala ya bati jipya, kwa sababu zinki yake ni sumu kwao. Visima vingi vya Pwani vina chumvi: ukiisikia kwenye ulimi, usiyatumie. Funika kwa neti isiyo na dawa, na lava wa mbu, wale wanaojipinda-pinda na kuning'inia juu ya maji, watoe kwa chujio la chai kila siku. Beseni la kuokoa vyura lisigeuke kiwanda cha malaria na dengi.

Chakula huwaua wengi kuliko njaa. Chovya majani ya mchicha kwenye maji yanayochemka dakika 1 au 2, yapoe, uyakatekate, uwape kiasi wanachomaliza kwa saa chache, na masalia uyatoe jioni ileile. Ugali, wali na mkate huchacha na kuharibu maji usiku mmoja. Ukiwaona wote wamepanda juu wakigugumia hewa na maji yananuka, badilisha nusu ya maji mara moja na usiwalishe hadi kesho.

Lakini wapo wasiokula mchicha kabisa. Ukimwona kiluwiluwi anayeng'aa kama kioo, ameelea katikati ya maji bila kutua, huyo huchuja chembe za kijani zilizomo majini. Ndivyo walivyo watoto wa Phrynomantis, chura mweusi mwenye mistari myekundu, na wale wa Xenopus, wenye sharubu mbili na kichwa kilichoinama chini. Beseni la maji meupe ni njaa kwao. Wape maji ya kijani ya dimbwi kila siku, au waache walikozaliwa na upambane kwa makuti.

Kisa cha pekee ni povu jeupe linaloning'inia kwenye tawi juu ya dimbwi. Ni kiota cha chura wa mti, Chiromantis xerampelina. Mayai huanguliwa ndani ya povu, na baada ya siku 5 au 6 watoto hudondoka chini kwenye maji. Kama maji yamekwisha kuhama, watadondokea tope kavu. Tega beseni lenye maji ya dimbwi chini ya povu, au kata tawi taratibu ulifunge juu ya maji yaliyobaki. Povu lenyewe usilibomoe wala kulilowesha. Gamba lake la nje ndilo linalohifadhi unyevu.

Mikono ikichomoza, inamisha beseni upande mmoja maji yabaki sentimeta 1 au 2, weka jiwe la mteremko au kipande cha kigogo kinachoingia majini. Sasa anapumua kwa mapafu na atazama asipopata pa kushika. Hali chakula siku hizi, anaishi kwa mkia wake unaonywea mwilini, kwa hiyo acha kulisha na usimvute mkia.

Mkia ukiisha, mrudishe. Apelekwe ukingo wa dimbwi alikotoka, hata kama limekauka, jioni baada ya jua kuzama na hasa siku ya manyunyu. Watawanye sehemu kadhaa penye nyasi, majani makavu na nyufa za udongo zenye unyevu, na kabla ya kuwaachia pekua ardhi kwa kijiti: pakiwa na msafara wa siafu, sogea mbele mita hamsini.